Nimemwekea Neno Katikati ya Nyimbo, Naye Kanyamaza

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi, maana hapa ninapoandika nimeshainuka mara kadhaa kuchungulia dirishani, kila lori likipiga honi hapo kona moyo unanilipuka, na sijui tena kama ni hamu au ni hofu. Mteja wangu aliye chini ya draya ananitazama tangu nianze kuandika, ameniuliza kama naandikia polisi, nimemwambia naandika dawa za nywele zilizoisha, Mungu anisamehe.

Mimi nina saluni yangu. Niliianza na kiti cha plastiki na kioo chenye ufa, leo nina draya za kusimama, nina wasichana wa kusuka, na nina kompyuta ya mtumba pale mezani ambayo kazi yake kubwa ni kupiga muziki, maana Shangazi mtu hawezi kukaa tangu asubuhi anavutwa nywele bila muziki, atakimbia na nusu kichwa. Mume wangu ni dereva wa lori la safari ndefu. Wenzake wanamwita Honi, kwa sababu akirudi, akifika tu hapo kona ya saluni, hupiga honi mbili fupi na mtaa mzima unajua karudi. Mimi huacha hata kichwa cha mtu kwenye beseni nikatoka nje na povu mikononi. Tumependana hivyo, usije ukasoma haya ukadhani ni ndoa ya ngumi, hajawahi kuninyooshea mkono hata siku moja.

Balaa lilianza shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alipotutembelea. Huko mji anaoishi yeye amejenga, ana gereji, na anataka mdogo wake aache barabara akamsimamie gereji, sisi tuhamie kwake tupewe nyumba ya uani. Walikaa sebuleni kwangu wakapanga yote, chai yangu wanakunywa, halafu mume wangu akanigeukia akasema, "Mke wangu, wewe unaonaje?" Na mimi, shemeji ananikodolea macho na kikombe mkononi, nikasema, "Sawa."

Ningesemaje, Shangazi? Mbele ya shemeji? Nilijua nitamwambia mwenyewe tukibaki wawili, lakini huo wakati wa kubaki wawili uko wapi, kesho yake alfajiri ana safari, akirudi amechoka analala, akiamka anaongelea gereji, amefurahi huyo, anachora kwa kidole mezani hapa patakaa mashine, hapa tutajenga kibanda cha vipuri, na kila nikifungua mdomo naikuta ile "sawa" yangu imekaa mlangoni imekunja nne. Na huko kwa shemeji mimi nitakuwa nani? Mke wa mdogo mtu, wa kukaa uani na kuulizwa sabuni ya juzi imeishaje. Hapa mtu akitaka kuolewa anakuja kwangu, akifiwa anakuja kwangu, akiachwa ndiyo kabisa, anakuja kwangu kunyoa. Nikifunga saluni hii sijui asubuhi nitaamka niende wapi.

Ndipo nikapata akili, au wazimu, utaniambia wewe. Mume wangu bila muziki haendeshi. Zamani wifi yangu, dada yake mdogo, ndiye alikuwa anamjazia nyimbo kwenye flashi kutoka kompyuta ya saluni. Wifi ameolewa kaondoka, na hata angekuwepo kazi hii nisingempa, maana ni damu yao. Nikaamua kuifanya mwenyewe. Nikawa nachagua nyimbo katikati ya wateja, moja baada ya nyingine, nikazipanga kwa mfuatano kwenye kompyuta: kwanza za kuchangamsha macho, kisha za taratibu, kisha ule wimbo tuliocheza siku ya harusi yetu akanikanyaga gauni, na mara tu baada ya huo, katikati kabisa, nikaweka sauti yangu. Nilijirekodi kwa simu nikiwa stoo, nimekaa juu ya boksi la shampuu, nimewadanganya wasichana kwamba nakunja mataulo.

Nilisema hivi, nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi: "Mume wangu, ni mimi. Usisimamishe gari, sikiliza tu. Siku ile nilisema sawa kwa sababu ya kaka yako. Sitaki kuhama. Sitaki kufunga saluni. Ukirudi tuzungumze, na mimi nitakusikiliza. Lakini ukirudi ukanyamaza, nitajua umenisikia na umemchagua kaka yako, na mimi nitajua la kufanya." Halafu zikafuata nyimbo za mapenzi, nyingi, asije akaona namtishia.

Ile orodha nikaipa jina, Za Njiani. Nikachomeka flashi mpya, nikaikopi orodha yote kama ilivyo ili mpangilio usivurugike, sauti yangu isije ikaangukia mahali pabaya, na nikajishangaa ufundi, maana wifi alipokuwa anajaza nyimbo tulikuwa tunasubiri mpaka msichana anamaliza mistari ya kichwa kizima, lakini mimi iliingia kabla sijapepesa jicho. Nikasema kumbe wifi alikuwa anajidai tu. Nikampa mume wangu nikamwambia, "Nimekuchagulia mwenyewe, zisikilize zote kwa mfuatano huo huo, usiruke hata moja." Akaibusu ile flashi, akaitia mfuko wa shati, akaondoka.

Shangazi, siku zile sikuwa mtu. Nilimchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele. Nilimpaka mwingine rangi nyekundu, yeye aliomba nyeusi. Akipiga simu namsikiliza pumzi tu kama zimebadilika, naye anaulizia mvua, anaulizia kama bomba limetengenezwa. Nikasema sawa, hataki kulizungumza kwenye simu, mtu mzima huyo, atalizungumza akija.

Akaja. Honi mbili. Nikatoka na povu langu. Anashuka kwenye lori anaimba lile tangazo la sabuni la redioni, akanikumbatia, na tulipofika mlangoni nyumbani nikamuuliza, "Ulisikiliza nyimbo zangu?" Akasema, "Nimesikiliza, mke wangu." Nikasema, "Zote?" Akasema, "Zote nzuri. Hasa zile za katikati."

Hasa zile za katikati! Shangazi, nilishika mlango. Amesema hivyo huku anainama kufungua viatu, usoni hakunitazama, kisha akauliza kama kuna maji ya kuoga. Nikangoja. Tumekula, kimya. Tumelala, kimya. Kesho yake akaja na maboksi matupu kutoka ghala la kazini kwake, akayapanga sebuleni mpaka dirisha likazibwa, akasema, "Haya ya vitu vyako vya saluni." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuletea mkate.

Nikajaribu kumtetea moyoni, nikasema labda flashi ilikuwa mbovu, labda sauti yangu haikuingia. Alipokuwa bafuni niliitoa kwenye shati lake nikakimbia nayo saluni, nikaichomeka kwenye kompyuta. Ndani kuna kitu kimoja tu, Za Njiani, nikakibofya, nyimbo zikaimba zote kwa mfuatano wake, na katikati ikatoka sauti yangu, safi kabisa: "Mume wangu, ni mimi." Kwa hiyo ilikuwemo. Alinisikia. Nilimwambia akinyamaza nitajua, basi nikajua.

Sasa yuko njiani tena, anarudi Jumamosi, na hii ndiyo safari yake ya mwisho kabla ya kuhama. Nguo zangu nzuri nimeshazihamishia kwa dada yangu mkubwa, kidogo kidogo, kwenye mfuko wa mataulo. Dada ananiambia, "Njoo, mwanaume asiyejibu ameshajibu." Nimepanga niondoke Ijumaa jioni, ufunguo wa nyumba niuache kwa jirani, Jumamosi saluni niifunge ili akipiga hizo honi zake zipotee hewani na yeye aonje kimya kikoje. Akishaenda kwa kaka yake na maboksi yake, nitarudi kufungua.

Lakini mkono unasita. Mtu aliyeniambia "hasa za katikati" kwa upole ule anawezaje kunidharau hivi? Na kama hajanidharau, mbona maboksi? Silali, sili, nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa. Niambie niende au nibaki. Jina langu usilitoe.

Ni mimi,
Mwenye Saluni ya Kona


SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Saluni, usiende popote. Soma mpaka mwisho ndipo upumue.

Barua yako imeruka foleni ya watu waliotangulia, na najua watanikasirikia. Imeruka kwa sababu nilipoisoma mara ya kwanza nilimlaani mumeo kwa sauti mpaka wenzangu ofisini wakageuka. Nilipoisoma mara ya pili nikakwama kwenye sentensi moja ambayo wewe uliiandika kwa kujisifu. Unasema nyimbo ziliingia kwenye flashi kabla hujapepesa jicho. Mimi si fundi wa kompyuta, mimi nashughulika na ndoa za watu, lakini nina gari kuukuu lenye redio nzima, na nikijaza nyimbo zangu za mwezi mmoja tu nachemsha maji, nakunywa chai, naosha kikombe, bado zinaingia. Wewe umeingiza nyimbo za safari nzima kwa kupepesa jicho?

Basi nikafanya ulivyofanya. Nikapanga orodha kwenye kompyuta ya hapa ofisini, nikaikopi kwenye flashi, ikaingia fyu! Nikaichomeka tena kwenye kompyuta ile ile, nyimbo zikaimba vizuri kabisa. Nikashuka nayo mpaka nje, nikamwomba dereva anayesambaza gazeti letu aichomeke kwenye redio ya gari. Redio ikawasha taa yake, ikatafakari, ikarudi kwenye taarifa ya habari. Dereva akaichomoa, akaipuliza kama wanavyofanya wote, akaichomeka tena. Wapi! Akaniambia, "Shangazi, humu hamna kitu. Labda uimbe mwenyewe."

Mwanangu, hukukopi nyimbo. Ulikopi orodha ya nyimbo. Ile ni majina tu na maelekezo ya mahali zilipo, na zilipo ni ndani ya kompyuta yako ya saluni. Ndiyo maana ulipoirudisha pale, ikaimba: flashi ilikuwa inaelekeza tu, kompyuta ndiyo inaimba. Lori halina nyimbo hizo. Kwa hiyo mumeo alizunguka kwenda na kurudi na flashi ambayo kwake ni sawa na kifungo cha shati. Hajausikia wimbo wa harusi. Hajasikia "mume wangu, ni mimi." Wewe unamhukumu kwa kutojibu swali ambalo halijamfikia.

Najua unachotaka kuuliza. Mbona alisema za katikati? Sasa ulitaka asemeje? Umemwekea zawadi, umeichagua mwenyewe, umemwambia asiruke hata moja, na unamuuliza hata viatu hajavua. Akisema za mwanzo utamuuliza ipi. Akisema za mwisho utamwambia aimbe. Mtu asiyejua kitu hukimbilia katikati, hata watoto darasani hufanya hivyo. Na wewe mwenyewe ulimsikia anashuka kwenye lori anaimba tangazo la sabuni. Aliyeshinda na nyimbo zako siku zote hizo atashukaje na sabuni mdomoni? Alikuwa anasikiliza redio, mama, kwa sababu flashi ilikataa. Pengine anadhani ameiua mwenyewe, na wanaume wakiharibu kitu cha watu huanza kwa kunyamaza. Ndiyo maana akainamia viatu.

Siwezi kukuapia yaliyo moyoni mwake. Lakini haya ndiyo yaliyo kwenye barua yako, na uliyaandika wewe.

Na yeye simwachi. Wewe Honi, kama gazeti hili litakufikia: mkeo akikupa kitu kikagoma, sema kimegoma. Umetaka kumfurahisha kwa neno dogo la uongo, na neno hilo limemhamishia nguo zake kwa dada yake.

Sasa zamu yako, Mwenye Saluni, na usifurahi upesi. Hata kama flashi ingefanya kazi, ungekuwa umekosea. Umechukua neno la kuamua maisha ya watu wawili ukalificha katikati ya nyimbo, kama mama anayemfichia mtoto kidonge kwenye ndizi. Ukamwekea na sharti ambalo hajui kama lipo. Akinyamaza yeye, ni dharau. Uliponyamaza wewe mbele ya shemeji yako, hiyo ilikuwa heshima. Mizani yako hiyo imepinda, irekebishe.

Tena kuna jambo limenichoma zaidi ya yote. Mumeo alikuuliza. Alikugeukia, kaka yake akiwepo, akasema, "Wewe unaonaje?" Hivi unajua ni wanawake wangapi wananiandikia hapa kila wiki, wamehamishwa, wameuziwa viti vyao, wameletewa wageni wa kudumu, na hakuna aliyewauliza wanaonaje? Wewe uliulizwa, ukasema sawa. Yale maboksi yanayokuziba dirisha ameyaleta kwa sababu ya jibu lako. Mtu anatekeleza ulichomwambia, na wewe unamwekea ufunguo kwa jirani!

Dada yako anasema asiyejibu ameshajibu. Maneno matamu, lakini yeye haishi na huyo mwanaume, wewe ndiye unayeishi naye. Mshukuru kwa kukutunzia nguo, ushauri wake mwachie.

Sikudanganyi kwamba ukisema yataisha. Saluni yako si kitu kidogo na usikubali mtu akuambie ni kitu kidogo. Lakini pengine mumeo mgongo umechoka na barabara na hajakuambia, naye ana "sawa" yake iliyokaa mlangoni. Huenda akaghairi. Huenda akaenda yeye gerejini na wewe ukabaki na saluni, mkatembeleana mpaka mjue moja. Huenda akakataa kabisa mkagombana mpaka majirani wakazima redio. Mgombane basi! Mkiachana, muachane kwa jambo ambalo kila mmoja wenu amelisikia.

Haya, sikiliza. Leo hii kachukue nguo zako kwa dada, na ubebe waziwazi, usifiche kwenye mataulo. Mumeo usimpigie simu kumwambia haya akiwa kwenye usukani, ana lori zima mgongoni. Jumamosi saluni iwe wazi. Ukisikia honi mbili, toka kama unavyotoka siku zote. Mwache aoge, mwache ale. Halafu mkae hapo hapo sebuleni mbele ya maboksi, shemeji asiwepo, simu mzizime, umtazame usoni useme: "Siku ile nilisema sawa. Haikuwa sawa." Ukishayatoa hayo, mengine yatafuata yenyewe. Ukimaliza, nyamaza umsubiri, na kama atachelewa kujibu usihesabu kuwa amejibu. Muulize tena.

Habari ya flashi usimuumbue nayo. Mwambie tu, "Nilikosea kukopi, nilikupa orodha tupu," uone atakavyoshusha pumzi.

Na mkishazungumza, kwa heri au kwa shari, mjazie nyimbo zake, maana awe barabarani au gerejini atazihitaji. Safari hii achana na orodha. Fungua folda, zichague nyimbo zenyewe, kila moja uipe namba mbele ya jina ili zifuatane unavyotaka, kisha zikopi zote. Zitachukua muda. Usihangaike, usichomoe, suka kichwa cha mtu huku unasubiri. Lakini ile sauti yako ya stoo usiiweke humo. Hiyo mpelekee mwenyewe.